Maji Ndani ya Buti Lililofungwa

SEHEMU YA TISA

Kifuniko cha buti bado kiko juu, na mikono ya Agustino bado imo majini.

Ameshika sketi ya ngozi. Inachuruzika kama mbuzi aliyeopolewa mtoni. Nyuma yake wamesimama watu zaidi ya kumi wa boma la Mzee Gidamis, na hakuna hata mmoja anayekohoa.

"Umevuka mto gani?" Gidamis akauliza.

"Sijavuka mto, Baba."

"Mvua imekukuta wapi?"

"Haikunikuta. Kutoka Haydom mpaka hapa Balangdalalu ni vumbi tupu. Tazama gari."

Gidamis akatazama. Akapitisha kidole juu ya kifuniko cha buti. Kidole kikatoka kimejaa vumbi, kama kimechovywa kwenye unga.

"Juu vumbi," akasema taratibu. "Ndani bwawa."

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, nitasema machache ili tuende pamoja. Agustino Sulle ni mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay, Mmbulu wa milimani. Anamwoa Judith, binti wa Gidamis, Mbarbaig. Leo ni Jumanne, harusi ni Jumamosi. Na huku kwa akina Judith, binti anayeolewa huvalishwa sketi ya ngozi ya mbuzi, iliyokatwa mikanda mikanda na kulainishwa kwa samli mpaka inacheza mwilini kama hariri. Si nguo ya kupendeza tu. Ndiyo heshima ya mwanamke, na mwanamume mwenye akili hanyooshi mkono kwa aliyeivaa.

Sketi hii ilishonwa na Bibi Udahoda, mama yake Gidamis, kwa muda wa miezi sita, akiwa kwa mwanawe mwingine kule Haydom alikokwenda kutibiwa macho. Macho hayo yanazimika. Alipofunga uzi wa mwisho alisema hatashika sindano tena, kwa sababu haioni.

Kwa hiyo sketi iliyolowa haina pacha, wala haitapata.

"Uliipakia lini?" akauliza Mama Judith.

"Jana jioni, Mama, kule kule Haydom. Niliilaza katikati ya tairi la akiba, kwenye lile shimo, ili isirukeruke njiani. Nilipapasa kwanza kwa kiganja. Palikuwa pakavu."

"Ukafunga?"

"Nikafunga. Nimelala na ufunguo mfukoni."

Agustino alikuwa anasema kweli, na kila neno la kweli lilikuwa linamfungia mlango. Buti lilikuwa kavu. Likafungwa. Mvua haikunyesha. Likafunguliwa, lina maji. Mama mmoja mtu mzima akajiziba mdomo kwa upande wa shuka yake.

Gidamis akachomeka fimbo ardhini.

"Ngozi ikilowa bila mvua, hiyo si kazi ya mtu. Ni waliotutangulia. Wamesema hapana."

"Baba, maji huwa yana njia yake. Nipe nafasi niitafute."

"Njia gani kwenye chombo kilichofungwa?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuitafuta."

Mzee akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa msomaji amchukie mapema. Alikuwa baba mwenye binti mmoja.

"Saa kumi wazee wanakaa," akasema. "Nionyeshe tundu kwa macho yangu haya. Usiponionyesha, kesho asubuhi ng'ombe wako wa mahari watapanda milimani walikotoka, na Judith atabaki kwetu."

Ilikuwa saa nne na robo.

* * *

Fundi Nicodemo alifika kwa pikipiki kutoka senta, tumbo mbele, mfuko wa vyuma mgongoni. Kazi yake ilikuwa bodi za magari, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono.

"Gari zee halivuji," akasema kabla hata ya kushuka. "Linakojoa. Swali ni linakojolea wapi. Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Fanya kazi, fundi, usinichekeshe."

Nicodemo akachovya kidole kwenye maji ya buti, akalamba, akatema.

"Si ya rejeta, hayana utamu. Wala si petroli. Haya ni maji ya mvua, yana ladha ya bati."

"Mvua ipi?" akauliza Gidamis.

Nicodemo akafungua mfuko wake wa vyuma.

Wakatoa kila kitu. Jeki, spana ya tairi, tairi lenyewe, kapeti. Agustino akakamua kapeti, maji yakajaza ndoo na kubaki mengine. Akafuta buti kwa gunia mpaka likakauka kabisa.

"Sasa sikiliza," akasema Nicodemo. "Maji ukiyakimbiza yanajificha. Tunaanza chini, tunapanda juu, sehemu moja moja. Nipatie unga."

"Wa nini?"

"Wa kupika ugali. Wa nini! Nautandaza ndani, kidogo kidogo, kila kona. Maji hayapiti juu ya unga bila kuacha nyayo."

Judith mwenyewe ndiye aliyeleta unga, kwenye bakuli la bati. Akamkabidhi Agustino bila kumwangalia, kwa sababu baba yake alikuwa anaangalia.

"Inaendeleaje?" Agustino akanong'ona.

"Tumeitandaza kivulini. Tunapaka samli, tunasugua. Upepo wa leo ni mkavu, Agustino. Ukingoni inaanza kukakamaa."

"Mkiifanyia polepole..."

"Ngozi haibembelezwi," akasema Judith, na akaondoka.

Nicodemo alipomaliza kunyunyiza, akaeleza sehemu iliyobaki. Mtu mmoja lazima awe ndani ya buti na tochi, kifuniko kifungwe, mwingine amwage maji nje. Wa ndani akiona maji yanaingia, agonge bati.

"Nani anaingia?" Gidamis akauliza.

"Mzee, mimi nikiingia humo mtanizika humo humo." Fundi akapigapiga tumbo lake. "Aingie bwana harusi. Ajizoeze kubanwa."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Agustino naye akajaribu kucheka. Akajikunja, akaingia, kifuniko kikashuka juu yake.

* * *

Ndani kulikuwa na harufu ya kutu na kapeti lililochacha. Akawasha tochi ya simu. Maji yakaanza kugonga juu, kopo baada ya kopo. Akamulika raba ya kifuniko upande wa kushoto, unga mkavu. Akamulika upande wa kulia, unga mkavu. Bawaba pia kavu.

Kisha akasikia sauti ya Gidamis, karibu kabisa, kama mzee amekalia bampa.

"Fundi, gari hili likikushinda usione aibu. Kuna mtu wa Basotu aliyemuulizia Judith tangu mwaka juzi."

"Yule mwenye gari jipya?"

"Huyo huyo. Buti lake halina samaki."

Nicodemo akacheka, kisha akajikumbuka. "Mzee, subiri kwanza huyu atoke."

"Nimeshampigia simu. Anakuja kesho."

Agustino akahisi bati lote limemlalia kifuani. Akagonga kifuniko kwa ngumi.

"Ameona!" Nicodemo akapiga kelele. "Leteni ndoo nyingine!"

Maji yakamwagika juu kwa kishindo. Agustino akagonga tena, kwa nguvu zaidi, akiita jina la fundi.

"Ameona mengi! Ongeza!"

Kadiri alivyogonga ndivyo walivyomwaga. Akaacha kugonga. Akalala ameangalia bati, mashavu yana unga, akisubiri watu waliokuwa wanamsaidia wachoke kumsaidia. Ndipo, akiwa ameacha kutafuta, akaliona. Chini ya taa ya nyuma ya kulia, juu ya unga, tone moja.

Kifuniko kilipofunguliwa alitoka mweupe usoni kama mtu aliyefufuka.

"Umeona?"

"Taa ya kulia!"

Nicodemo akafungua taa kwa haraka. Raba yake ilikuwa imepasuka, imekauka kama ganda la haragwe. Agustino akaichukua kwa vidole viwili, akampelekea Gidamis kama anampelekea zawadi.

"Baba, tundu hili hapa."

Gidamis akaipokea. Akaenda mwenyewe kwenye buti, akaliangalia lile tone juu ya unga.

"Kijana, mimi nimekamua ng'ombe tangu sijaota meno yote. Najua tone, na najua ndoo. Hili ni tone." Akaonyesha kwa fimbo ile ndoo iliyojaa maji ya kapeti. "Na ile?"

Agustino akaitazama ndoo. Mzee alikuwa na haki.

* * *

Wakaziba taa. Wakajaribu kioo cha nyuma, wakajaribu eriali, wakajaribu mkunjo wa bati juu ya tairi. Ndoo ya tano, ya sita, ya saba. Kila mara Agustino aliingia, kila mara alitoka na habari ile ile. Pakavu.

Saa nane ikapita. Nicodemo akakaa chini, miguu mbele kama mtoto.

"Ndugu yangu, miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Gari hili halivuji. Nimelimwagia maji ya kunywesha kundi zima. Labda mzee ana..."

"Usimalizie."

"Simalizii. Nasema tu, labda."

Agustino akakaa juu ya tairi la akiba. Toka nyumba ya pili zilisikika sauti za wanawake wakisugua ngozi, na sauti ile ilikuwa imebadilika. Asubuhi ilikuwa ya kiganja juu ya kitu laini. Sasa ilikwaruza.

Alijua kilimo cha vitunguu saumu. Alijua kulisukuma gari hili likigoma. Mengine ya magari alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na leo aliyojua yote yalikuwa yameisha.

Judith akapita na kibuyu cha samli. Hakusimama. Alipunguza tu mwendo.

"Kwenu linalala vipi?"

"Nini?"

"Gari. Nilipokuja Bashay kuwasalimia wazazi, nililiona limeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa. Hapa limesimama sawa."

Akapita.

Agustino akaligeukia gari, akalitazama pua na mkia. Kisha akasimama ghafla mpaka tairi likabingirika peke yake.

"Fundi! Stata!"

"Stata imefanya nini?"

"Stata yangu ni mbovu! Kule kwetu Bashay ni miteremko mitupu. Gari nalilaza pua chini, naweka jiwe mbele ya tairi. Asubuhi naondoa jiwe, linateremka, linawaka. Kila mtu kule mwenye stata mbovu analilaza hivyo!"

"Sasa?"

"Sasa mvua ikinyesha, nyuma kuko juu! Maji hayateremki kwenda bampa, yanarudi huku kwenye kioo, yanakaa! Na wiki iliyopita kwetu ilinyesha siku tatu mfululizo."

Nicodemo akamwangalia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kanisani.

"Tunahitaji mlima," akasema.

Mlima haukuwepo. Upande ule wa Balangdalalu ni tambarare mpaka macho yachoke. Lakini palikuwa na lambo la kunyweshea mifugo, na lambo lina tuta. Vijana sita wa boma wakalisukuma gari kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yakapanda juu ya tuta, pua ikatazama chini. Jiwe likawekwa mbele ya tairi.

Wakatandaza unga upya. Wakarudisha tairi la akiba mahali pake, kama lilivyokuwa safarini. Wakafunga, wakamwaga ndoo tatu, safari hii polepole, kama mvua ya usiku. Gidamis alikuja kusimama pembeni. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Fungua," akasema.

Agustino akafungua.

Sakafu ya buti ilikuwa kavu. Shimo la tairi lilikuwa kavu. Hata lile tone la asubuhi halikuwepo.

"Pakavu," akasema Gidamis, na sauti yake haikuwa na furaha. Akageuka, akaanza kutembea kurudi bomani. "Umejaribu, kijana. Nitawaambia wazee kwamba umejaribu."

"Mzee, ngoja!" Nicodemo alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya buti. "Unga umeliwa!"

Kweli. Kona ya juu, chini ya kioo cha nyuma, palikuwa na mstari mwembamba wa maji, kama njia ya konokono. Ulishuka ubavuni mwa gari na kupotelea nyuma ya bati la pembeni, pale ambapo bodi ina mfuko kando ya tairi.

"Yameingia," akasema fundi, "lakini hayajafika."

"Yameingia yako wapi?" Gidamis akauliza kwa mbali.

Agustino akaenda mbele ya tairi. Akainama, akaondoa jiwe.

Gari likateremka tuta. Likaruka kwenye mfereji uliochimbwa na kwato za ng'ombe, likaruka mara ya pili, na toka ndani ikasikika sauti ambayo kila mchunga aliyewahi kubeba kiriba anaifahamu. Chubwi. Chubwi.

Agustino alilikimbilia, akavuta breki ya mkono kupitia dirishani, akazunguka nyuma, akafungua.

Maji yalikuwa yamelizunguka tairi la akiba. Mengine yalikuwa bado yanamiminika kutoka mfukoni mwa bodi, yakipita juu ya unga, meupe kama maziwa.

Vijana wakapiga mluzi. Mtoto mmoja akaanza kucheza. Gidamis akarudi kwa hatua ndefu, akachovya ncha ya fimbo majini, akaitoa, akaiangalia.

"Kwa hiyo jana Haydom..."

"Jana yalikuwa bado yamejificha ubavuni, Baba, maana nilikwenda polepole. Nilipapasa katikati, nikakuta pakavu. Leo mashimo ya barabara yakayatikisa, yakamwagikia kwenye sketi."

Mzee akaifuta fimbo kwa shuka. Kisha akaweka mkono mzito juu ya bega la Agustino, na meno yake yote yakaonekana.

"Si wafu," akasema. "Ni bati! Mmbulu, umelikamata. Yule wa Basotu nitamwambia asichome mafuta yake bure."

Na hadithi hii, msomaji, ingeweza kuishia hapo kwa vigelegele, kama Nicodemo angekuwa fundi mvivu. Lakini alikuwa fundi mzuri.

* * *

"Kuna kitu sielewi," akasema Nicodemo. Alikuwa amelala chali chini ya gari. "Kila buti lina matundu chini, ya kutolea maji. Na mfuko wa bodi nao unayo. Yaani hata yakiingia, yanatoka. Kwa nini haya hayakutoka?"

Agustino akainama haraka kando ya gari.

"Achana nayo, fundi. Tundu tumeliona."

"Hapana, subiri." Mkono wa fundi ukapapasa, ukavuta, ukavuta tena. Kitu kikang'oka kwa sauti ya gundi inayoachia. Maji yakamwagika mpaka chini. Nicodemo akatoka mchangani akiwa ameshika kipande cha mpira wa tyubu, duara kamili, kama sarafu. Akarudi akang'oa cha pili. Na cha tatu.

"Kazi safi!" akasema kwa sauti, akimwonyesha kila mtu. "Kapiga msasa kwanza, ndipo akaweka gundi. Sijawahi kuona mtu kaziba vizuri hivi. Nani fundi wako?"

Agustino aliviangalia vile vipande. Alikumbuka mkasi aliovikatia.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kikali. Yeye ndiye aliyempeleka Bibi Udahoda Haydom kwa gari hili hili. Vumbi lilipanda kutoka chini ya buti, likapita nyuma ya viti, mpaka bibi akakohoa njia nzima, na furushi lake likafika limegeuka rangi. Agustino aliona haya. Wiki ile ile alilala chini ya gari siku mbili, akaziba kila tundu aliloliona. Huku kwetu wengi wenye magari hufanya hivyo, kwa sababu vumbi ni la miezi saba na mvua ni ya michache. Hakujiuliza matundu yale yaliwekwa ya nini. Alijua tu kwamba bibi hatakohoa tena.

Nicodemo alikuwa mpumbavu wa mdomo, si wa moyo. Alipouona uso wa Agustino, akaelewa. Akasogea, akashusha sauti.

"Sema ni fundi wa Katesh. Kuna mmoja alihama, hakuna atakayemfuata."

Gidamis bado alikuwa na mkono wake begani kwa Agustino. "Eh? Ni nani?"

Kule kivulini wanawake walikuwa wameacha kusugua. Judith alikuwa amesimama na kibuyu, anamwangalia waziwazi, baba yake awepo asiwepo.

"Ni mimi, Baba," akasema Agustino.

Mkono ukashuka begani taratibu.

Mama Judith akainuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye bangili za shaba mpaka karibu na viwiko, na siku nzima alikuwa hajasema zaidi ya maneno kumi.

"Baba Judith. Habari ya wafu imekwisha?"

"Imekwisha."

"Ni mkono wa mtu?"

"Ni mkono wa mtu."

"Basi wanaume mmemaliza."

Gidamis akashusha fimbo. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, na Agustino akaelewa kwamba mzee aliyemtisha tangu asubuhi sasa naye anatishika.

"Hapo sina sauti," Gidamis akasema chini chini. "Sketi ikiharibiwa na mizimu, wazee wanakaa. Ikiharibiwa na mwanamume, wanakaa wanawake. Sisi hatuingii."

Wanawake tisa wakaenda kukaa upande wa pili wa zizi. Hakuna mwanamume aliyeelekeza hata uso upande ule. Nicodemo akafunga vyuma vyake.

"Tangu asubuhi ungeacha kutafuta," akasema.

"Wangesema ni wafu, na Judith ningemkosa."

"Sasa wanasema ni wewe. Wafu hawashitakiwi, ndugu yangu. Wewe una shingo."

Agustino alisubiri amesimama. Hakuwa na la kuziba wala la kuzibua. Alifikiri jinsi alivyotafuta siku nzima, kwa akili yake yote, ushahidi wa kujifunga mwenyewe.

Wanawake waliporudi, Mama Judith ndiye aliyesema.

"Hatutaki ng'ombe wako. Mkono ulioziba ndio utakaompa Bibi sketi yake. Jumamosi akifika, mbele ya wote. Hatutakusaidia kusema. Akiipokea na kumvalisha mtoto, mmeoana. Akiirudisha mkononi mwako, hakuna mwanamke wa hapa atakayesimama kwenye harusi hiyo, wala sasa wala baadaye. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Judith akamsogelea, na safari hii hakuna aliyemzuia.

"Siku nne," akanong'ona. "Tutaisugua usiku na mchana. Nitaitafuna kwa meno ikibidi. Itarudi."

"Sasa hivi ikoje?"

Judith akaficha nyuma viganja vyake vilivyochubuka.

"Siku nne ni nyingi," Agustino akasema, na kidogo akaamini.

Pikipiki ikakata kona kutoka barabara ya Haydom, inakuja moja kwa moja bomani. Nyuma ya dereva alikaa mtu mwembamba aliyejifunga shuka nyeusi, mkono mmoja umemshika dereva kiunoni, mwingine umeshika fimbo. Mbwa hawakubweka. Walimjua.

Gidamis akaikimbilia pikipiki.

"Mama! Si tulisema Jumamosi?"

"Jumamosi sitaona hata kivuli," akasema Bibi Udahoda akishushwa. "Leo bado naona kidogo, mahali penye jua. Nikasema niende sasa hivi, nimvalishe nikiwa namwona. Mkwe wangu yuko wapi? Yule wa milimani?"

Hakuna aliyemsukuma Agustino, lakini watu walisogea, na ghafla alikuwa peke yake mbele. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

Kiganja kikavu kikatafuta nywele zake, kikazipata, kikatulia hapo.

"Marahaba, mwanangu. Ulinibeba vizuri mwaka jana. Sketi yangu imefika salama?"

Mama Judith alimtazama Agustino. Gidamis alitazama ardhi.

"Bibi," akasema Agustino, "keti kwanza. Unywe maji."

"Maji baadaye. Nipeni sketi niishike."

Judith aliingia ndani. Alitoka taratibu, ameibeba juu ya mikono yake miwili kama mtu anayebeba mgonjwa. Mlango ulikuwa mwembamba. Alijaribu kugeuka upande, lakini sketi haikukunjika. Ukingo wake ukagonga mwimo wa mlango.

Ko.

Bibi Udahoda akageuza sikio upande ule. Mkono wake ukaondoka kichwani kwa Agustino.

"Nimeomba sketi," akasema. "Nani huyo anabeba ubao?"